Kuvua kwa kayaki mara ya kwanza kutoka Dunga: panga kurudi kabla ya kutoka

Anayeingia ziwani na kayaki kwa mara ya kwanza huwa amewaza ndoano wiki nzima. Ndoano ingoje. Ghuba ya Winam, sehemu ya Ziwa Victoria unayoingia kutoka ufuo wa Dunga mjini Kisumu, haina kina kirefu, na maji ya namna hiyo yakipigwa na upepo hutoa mawimbi mafupi yaliyosimama, yanayofuatana upesi. Kwa hiyo kinachopangwa kwanza ni saa ya kurudi.

Upepo wa Kisumu una mazoea yake. Usiku hadi asubuhi hutoka bara kwenda ziwani. Nchi kavu ikishapata joto, mchana hugeuka na kuvuma kutoka ziwani kuja mjini. Asubuhi basi utasukumwa nje bila jasho na udhani mikono yako ina nguvu. Alasiri upepo utakurudisha, ndiyo, ila mawimbi yatakujia kwa tezi, yaani nyuma ya kayaki, usikoyaona, na magugumaji yatakuja pamoja nayo. Ingia majini saa 1 asubuhi, geuza omo, yaani mbele ya kayaki, saa 4:30 hata kama samaki ndiyo kwanza wameanza kula. Ngurumo ya kwanza ikisikika, laza ufito wa kuvulia na uelekee ufuoni; usingoje mvua.

Usitoke gizani. Alfajiri viboko hurejea majini kutoka malishoni, na njia yao huenda ndiyo unayoshushia kayaki. Mchana ukiona masikio na pua, pita umbali wa mita 100 au zaidi, na usijiweke kati yao na maji ya kina. Kiboko akizama, ondoka. Usikae kukisia atazukia wapi.

Wavuvi wa Dunga wanaweza kuicheka kayaki yako. Waache wacheke, lakini waulize magugumaji yalikuwa wapi jana jioni, na uwaambie watu wa BMU (kikundi kinachosimamia ufuo wa wavuvi) unaelekea wapi na utarudi saa ngapi. Zulia la magugumaji husafiri na upepo na huweza kuziba ufuo uliokuwa wazi ulipotoka, kwa hiyo chagua mapema mahali pa pili pa kutokea. Ukijikuta unazingirwa, rudi kinyumenyume kwa mfereji ulioingilia. Kusonga mbele kwa nguvu hukwamisha kasia kwenye mizizi, na kushuka ili uisukume kayaki ni hatari: zulia halibebi mtu, na mizizi haimwachi kuogelea.

Kayaki ya kukalia juu, yenye upana wa sm 75 hivi, inamfaa anayeanza. Jaketi okozi livaliwe na kufungwa tangu ufuoni. Lililowekwa nyuma ya kiti halisaidii. Acha buti za mpira nyumbani, maana zikijaa maji kuogelea huwa kazi. Kasia, ufito na koleo vifungwe kwa kamba fupi, simu iwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, na kisu kikae kifuani unapokifikia kwa mkono wowote.

Kabla ya siku yenyewe, pinduka kwa makusudi, ikiwezekana kwenye bwawa la kuogelea. Igeuze kayaki ikae sawa, shika ukingo wa mbali, piga miguu mpaka mwili ulale juu ya maji, kisha jivute: tumbo kwanza, halafu geuka ukae, miguu mwisho. Wengi hushindwa kwa sababu wanajaribu kupanda wima kama wanaopanda ukuta, na kayaki inawafunika tena. Ukiweza mara tatu mfululizo bila kusaidiwa, uko tayari.

Nanga ndiyo inayopindua watu maji yakiwa yametulia. Ikifungwa ubavuni, wimbi au zulia la magugumaji likivuta kamba, upande mmoja unazama. Ifunge omo au tezi. Nanga ya kilo 1.5 inatosha, na kwenye kina cha mita 5 toa kamba ya mita 15 hadi 20. Kamba fupi huinyanyua nanga badala ya kuilaza. Tumia fundo la kufunguka kwa mvuto mmoja, na mwisho wa kamba ufungwe chupa tupu, ili ukiiachilia uikute baadaye. Zulia likikuegemea na fundo likagoma, kata. Kamba hununuliwa. Wala usijifunge kwenye maboya ya nyavu za wengine. Huo ni ugomvi.

Sasa samaki. Safari ya kwanza tafuta ngege (tilapia), si mbuta (sangara). Ndoano ndogo namba 8, nyungunyungu, kiboya, na chubwi dogo tu la kuzamisha chambo, pembeni mwa mimea. Ukitaka kumjaribu mbuta, buruta chambo bandia mita 25 nyuma kwa mwendo wa mtu anayetembea, na sentimita 60 za mwisho ziwe mshipi mnene unaohimili kilo 25, kwa kuwa kingo za mashavu yake hukata. Breki ya rili iwe legevu kiasi cha kuvutika kwa mkono. Iliyokazwa mno humpa mbuta nafasi ya kuvuta kayaki kwa ubavu. Mwelekeze apite mbele ya omo, mwache achoke, na usiinamie upande mmoja kumshika. Aliye chini ya sm 50 au zaidi ya sm 85 harudi nawe nyumbani. Bandika tepu ya kupimia kwenye kayaki.

Konokono wa kichocho hukaa kwenye maji tulivu yenye mimea karibu na ufuo, mahali unaposhukia. Usisimame hapo ukiosha kayaki. Baada ya wiki 6 hadi 8 nenda ukapimwe choo, hata kama huumwi popote; dawa yake ni praziquantel.