Kabla fundi hajashika nyundo jikoni

Usianze na rangi ya vigae, anza na chaki. Chora sakafuni na ukutani mahali pa sinki, jiko na friji, halafu pika siku mbili tatu ukijifanya vipo hapo. Utajua mapema kama mlango wa friji utagonga ukuta.

Kaunta mafundi wengi huiweka sentimita 90 bila kuuliza. Mpishi wa nyumba asimame, akunje mkono. Uso wa kaunta ukae sentimita 10 hadi 15 chini ya kiwiko. Mama yangu ni mfupi, tukashusha hadi 82. (Pa kukandia unga wa chapati, shusha tena kidogo.)

Soketi ziamuliwe kabla ya plasta, maana kuchimba ukuta wenye vigae ni kilio. Mtungi wa gesi ukikaa ndani ya kabati, acha matundu chini kabisa: gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa sakafuni. Na vigae ongeza boksi moja la akiba. Kikipasuka kimoja mwakani, rangi ile ile kuipata dukani ni bahati.