Plagi za injini ya boti ya mwendo kasi: kuchagua namba na kupima mwanya

Ukishika plagi mpya, usikimbilie kupima mwanya, yaani nafasi ambayo cheche huruka kati ya elektrodi mbili. Kwenye injini ya boti inayobanwa resi muda mrefu, namba ya joto (inayoonyesha plagi inavyoondoa joto upesi au polepole) ndiyo inayookoa pistoni, mwanya unafuata. Gari likishika kasi unaachia resi na injini inapumua. Boti maji yanaivuta nyuma wakati wote, kama gari linalopanda mlima usiokwisha. Ndiyo maana plagi inayodumu kwenye injini ya gari inaweza kuungua kwenye injini hiyohiyo ikifungwa botini.

Hatua ya 1: Anza na namba ya kiwanda

Fungua kitabu cha injini, usinakili plagi uliyoikuta. Huenda aliyekutangulia alibahatisha. Hakikisha kipenyo, urefu wa uzi na aina ya kikalio (sehemu plagi inapokalia silinda hedi) vinalingana. Uzi ukizidi urefu, pistoni inaweza kuigonga plagi. Ukipungua, masizi yanajaa kwenye uzi wa silinda hedi. Kama kitabu kinataka plagi yenye rezista, usiweke isiyo nayo, kwani mawimbi ya cheche huvuruga kompyuta ya injini na redio.

Hatua ya 2: Chagua namba ya joto

Ncha ya plagi inatakiwa ikae kati ya nyuzi joto 450 na 850 hivi za Selsiasi. Chini ya hapo masizi hayaungui, plagi inaloa na injini inamisi. Juu ya hapo ncha inakuwa kaa la moto linalowasha mafuta kabla ya cheche, na pistoni hutoboka kwa muda mfupi sana.

Plagi ya baridi ina kauri fupi ndani, hivyo hupeleka joto haraka kwenye silinda hedi. Angalizo kubwa: kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi. Kwa Champion na Bosch ni kinyume chake. Ukibadilisha chapa, tumia jedwali la ulinganisho, usilinganishe namba kwa macho.

Injini ikiwa ya kiwanda, baki na namba ya kiwanda. Ukiongeza nguvu, mafundi wengi hushuka ngazi moja kuelekea baridi kwa kila nguvu za farasi 75 hadi 100 zilizoongezwa. Ukisita kati ya namba mbili, chukua ya baridi. Plagi iliyoloa unaibadilisha. Pistoni iliyotoboka inakutaka ufungue injini nzima.

Hatua ya 3: Pima mwanya

Injini isiyo na tabo wala supachaja (vifaa vya kusukumia hewa kwa nguvu ndani ya injini) mara nyingi hukaa karibu na milimita 1. Yenye tabo au supachaja, anzia 0.7 hadi 0.8, kwa sababu hewa iliyobanwa inadai umeme mwingi zaidi kuruka mwanya. Injini ikikata moto resi ikiwa kamili, punguza kidogo kidogo.

Tumia geji ya waya au ya bapa. Pinda elektrodi ya pembeni tu, usiegemee ya katikati. Plagi za iridiamu zina ncha nyembamba inayovunjika upesi, kwa hiyo geji ya duara ya kusukumia iweke kando. Plagi ambazo cheche yake hutambaa juu ya uso hazina mwanya wa kurekebisha.

Hatua ya 4: Funga

Kwa injini iliyofungwa ndani ya boti, washa kwanza feni ya kutoa mvuke wa petroli. Ingiza plagi kwa mkono mpaka ikalie, kisha kaza kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukazia) kwa kipimo cha kitabu.

Hatua ya 5: Isome

Kwenye maji yaliyo wazi, pasipo chombo nyuma yako, kimbiza boti kwa resi kamili, kisha zima injini papo hapo. Ukirudi taratibu hadi gatini, masizi ya mwendo mdogo yatafuta ushahidi wote.

Chomoa plagi, tazama kwa lenzi. Kwenye elektrodi ya pembeni kuna mstari ambapo rangi inabadilika. Mstari ukiwa kwenye kona ya elektrodi, namba ni sahihi. Ukiwa nchani, plagi ni ya baridi mno. Ukishuka karibu na uzi, ni ya moto mno. Chembe zinazong'aa juu ya kauri ni alumini ya pistoni: usiwashe tena mpaka umekagua taimingi (wakati cheche inapotoka) na mafuta.

Zipange zote kwa mfuatano wa silinda. Moja tu ikitofautiana na wenzake, usibadilishe namba. Kagua injekta, koili na kompresheni ya silinda hiyo.