Maoni ya likizo juu ya muziki na filamu: namna ya kuyaandika yakasomeka

Likizo ikiisha kila mtu ana lake la kusema: albamu ile ni kali, muvi ile imeboa. Maoni ya namna hiyo yanatosha kwa watu wanaokujua. Msomaji asiyekujua hana la kufanya nayo, kwa kuwa hajui "kali" yako inaanzia wapi. Anataka kujua umesikia au umeona nini hasa, na ulikuwa katika hali gani. Hilo la pili ndilo husahaulika, na likizo ndiyo hulivuruga zaidi: umeshiba, umelala vya kutosha, nyumba imejaa watu, spika iko sebuleni na nusu ya waliopo wanapiga soga. Muziki wa wastani katika hali hiyo huonekana kazi ya maana, na filamu nzito huonekana inachosha. Kwa hiyo kazi inaanza kabla hujashika kalamu.

Chagua vitu vitatu hadi vitano, si zaidi. Orodha ya kila ulichogusa tangu likizo ianze humchosha msomaji kabla hajafika katikati. Kimoja kati ya hivyo kiwe ambacho hukukipenda. Mtu anayesifu kila kitu haaminiki hata anaposifu kwa haki.

Kusikiliza

Albamu isikilize mara tatu, kila mara kwa namna yake.

Mara ya kwanza ipige kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kuruka wimbo na bila kuandika chochote. Zima uchezaji wa kuchanganya nyimbo, na ule mpangilio wa kufifisha wimbo mmoja ndani ya mwingine uweke sufuri. Mfuatano wa nyimbo ni kazi ya mtu, naye anastahili kuhukumiwa kwa kazi yake. Albamu za zamani zilitengenezwa kwa santuri ya mizunguko 33⅓ kwa dakika, iliyoingia sokoni mwaka 1948, na upande mmoja ulibeba takriban dakika 22. Zina mianzo miwili na miisho miwili. Ukizisikiliza leo bila kituo, wimbo wa sita au wa saba unaweza kuonekana umechomekwa tu kwa kelele zake, kumbe ulikuwa unafungua upande wa pili. Albamu ya aina hiyo isimamishe katikati, nyoosha miguu, kisha endelea.

Mara ya pili kaa peke yako, spika za masikioni zikiwa masikioni na daftari mkononi. Hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Wimbo wa mapigo 95 kwa dakika na wimbo wa mapigo 125 haviutaki mwili ufanye jambo moja, na ukiwa na nambari huna haja ya kuandika "wimbo wa kasi kiasi". Halafu fuata ala moja moja: besi kwanza, kisha ngoma, kisha waitikiaji. Andika dakika na sekunde kila kitu kinapobadilika. Besi inaingia lini? Kibwagizo kinaporudi mara ya pili kimeongezewa nini? Sauti ya mwimbaji inaachwa peke yake wapi, na kwa muda gani?

Mara ya tatu iwe siku nyingine, kwenye spika ya simu. Hapa besi hupotea karibu yote. Wimbo uliobebwa na besi pekee utapwaya. Wenye tuni iliyosimama utabaki umesimama. Si kwamba wimbo wa besi ni mbaya, ila msomaji atakayeusikilizia kwenye simu ana haki ya kuonywa.

Mtego mkubwa wa kusikiliza ni ukubwa wa sauti. Watafiti wa sauti Harvey Fletcher na Wilden Munson walichapisha mwaka 1933 vipimo vinavyoonyesha kwamba sauti ikishushwa, sikio hupoteza besi kabla ya kupoteza sauti za kati. Ndiyo maana wimbo uliovuma vizuri kwenye sherehe hupungua uzito ukiupiga usiku kwa sauti ndogo, ingawa ni rekodi ileile. Na ukilinganisha nyimbo mbili, ule uliozidi mwenzake kidogo tu kwa sauti huelekea kuonekana bora. Kabla ya kulinganisha, washa usawazishaji wa sauti kwenye programu unayotumia. Spotify, kwa mfano, kwa kawaida husawazisha kwenye -14 LUFS, yaani kipimo cha sauti kama sikio linavyoihisi. Ila kuna jambo moja hapo: ukipiga albamu nzima kwa mfuatano wake, inasawazishwa kama kitu kimoja, na wimbo wa kunong'ona hubaki chini ya wenzake. Ukizichanganya nyimbo, kila wimbo husawazishwa peke yake, na ule wa kunong'ona hupandishwa kuwakaribia wa kelele. Kabla ya kumlaumu msanii kwamba albamu yake haipandi wala haishuki, hakikisha si wewe uliyeipiga pasi.

Halafu kuna wimbo wa msimu, ule unaopigwa kila unapokanyaga. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba kukutana na kitu tena na tena, bila sababu nyingine yoyote, huongeza kukipenda. Wimbo huo umepata alama za bure kwako. Uache siku nne au tano, kisha usikilize mara moja tu kwa makini. Ukikuta kwamba kinachokurudia ni kibwagizo na beti zimefutika kichwani, andika hivyohivyo: kibwagizo kinashika, beti hazishiki.

Kutazama

Anza na rimoti. Runinga nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewashiwa kulainisha mwendo. Filamu kwa kawaida hupigwa picha 24 kwa sekunde. Runinga inabuni picha za katikati na kuzichomeka, na matokeo yake kila tukio linafanana na tamthilia ya bei rahisi iliyorekodiwa studio. Watu huandika kwamba filamu "haina mwonekano wa sinema", na kosa ni la runinga yao. Kila kampuni imeupa mpangilio huo jina lake. Utafute kwenye menyu ya picha, penye habari za mwendo, uuzime. Runinga nyingi za miaka ya karibuni zina Filmmaker Mode, iliyotangazwa mwaka 2019, ambayo huzima marekebisho hayo kwa mkupuo.

Ile michirizi myeusi ya juu na chini iache. Filamu ya upana wa 2.39 kwa 1 ikiwekwa kwenye kioo cha 16 kwa 9 hutumia takriban robo tatu ya kimo chake. Ukiikuza ijaze kioo, umekata karibu robo ya upana, na mhusika aliyewekwa pembeni makusudi ametoka nje ya picha. Kisha unaandika kwamba mpiga picha hajui kupanga watu.

Mazungumzo yasiposikika wakati milipuko inatikisa madirisha, usikimbilie kumlaumu mchanganya sauti. Katika sauti ya 5.1, yaani njia tano za sauti na moja ya besi, mazungumzo hukaa zaidi kwenye spika ya katikati. Runinga yenye spika mbili inalazimika kukunja njia zote ziwe mbili, na mara nyingi maneno ndiyo yanayozama. Ingia menyu ya sauti ya filamu yenyewe, chagua stereo. Yakiendelea kuzama, lalamika bila wasiwasi.

Maandishi ya tafsiri nayo yana mipaka yake. Kwa kawaida ni mistari miwili tu kwa mara moja, na Netflix huweka kikomo cha herufi 42 kwa mstari kwa lugha nyingi zinazoandikwa kwa alfabeti ya Kilatini. Mtafsiri hana budi kufinya. Utani wa sentensi tatu unafika ukiwa sentensi moja. Usihukumu ufundi wa mazungumzo kwa maandishi hayo, na kama ulitazama filamu iliyotiwa sauti za lugha nyingine, usimhukumu mwigizaji kwa sauti isiyo yake. Bado una uso, mikono, na namna anavyonyamaza.

Usisimamishe filamu ili uandike. Andika maneno mawili matatu na dakika, macho yakiwa kwenye kioo. Dondoo kumi kwa filamu nzima zinatosha. Ukizidisha, unakuwa karani. Ndani ya nusu saa baada ya filamu kwisha, zipanue. Tuseme umeandika hivi gizani: "41, barua, muziki kimya." Ukiipanua inakuwa: "Dakika ya 41 mama anafungua barua. Muziki uliokuwa ukienda chini kwa chini unakatika kabla hajaanza kusoma. Tunasikia karatasi tu. Sisi tunajua habari ni mbaya, yeye bado." Hapo tayari una hoja: filamu hii inamtangulia mhusika wake, na wasiwasi wetu unatokana na kumsubiri atufikie. Sasa rudi kwenye dondoo nyingine uone kama mbinu hiyo imerudiwa. Ikiwa imerudiwa mara tatu, umepata kitu cha kuandika. Bila dondoo ile ungeandika "tukio la barua linagusa sana", na msomaji angebaki palepale.

Taja tukio pamoja na dakika, usitaje dakika peke yake. Matoleo yaliyoandaliwa kwa mfumo wa picha 25 kwa sekunde huenda kasi kwa takriban asilimia 4, na filamu ya saa mbili hupungua karibu dakika tano. Kuna pia filamu zenye toleo la sinema na toleo refu la mwongozaji. Sema ulitazama lipi.

Jihadhari na mwisho. Mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walifanya mwaka 1993 jaribio la kuwatia watu mikono kwenye maji baridi. Wengi walichagua kurudia zoezi refu lililomalizikia kwenye maji yasiyo baridi sana, wakaliacha lile fupi, ingawa lile refu liliwatesa zaidi. Filamu hutufanyia vivyo hivyo: dakika kumi nzuri za mwisho hufuta saa nzima ya kupiga miayo. Kwa hiyo ipe filamu alama ya awali ukifika katikati yake, nyingine ikiisha, na ya tatu baada ya siku mbili. Zikipishana sana, tofauti hiyo ndiyo habari ya kumpa msomaji.

Jambo la mwisho kabla ya kuandika ni kujua nani kafanya nini. Karibu karne moja iliyopita mwongozaji filamu wa Urusi, Lev Kuleshov, alidai kwamba uso uleule usiobadilika, ukiunganishwa na sahani ya supu au jeneza, watazamaji huuona una njaa au una majonzi. Unaposema mwigizaji "ameonyesha hofu kwa macho tu", rudia tukio uangalie: ni macho yake, au ni picha iliyotangulia? Ukishindwa kujua, sifu tukio, usimsifu mtu. Kwenye muziki ni hivyohivyo; mdundo unaoupenda huenda ni wa prodyuza, wala si wa jina lililoandikwa kubwa kwenye jalada. Majina yachukue kwenye orodha ya waliohusika, herufi kwa herufi.

Kuandika

Kila kazi ipe maneno 150 hadi 250, na ile moja yenye mengi iachie hata 500. Hakuna sheria inayotaka zilingane.

Sentensi ya kwanza itoe hukumu: unaipendekeza au huipendekezi, na kwa nani. Usianze na historia ya msanii. Sentensi ya pili itaje hali: "Niliitazama kwenye kompyuta ndogo, kwa vipande viwili, kwa maandishi ya tafsiri." Ni maneno machache na yanaokoa ugomvi mwingi. Baada ya hapo weka ushahidi mara mbili, kila mmoja ukielekeza mahali panapoweza kuangaliwa, kisha jambo moja linalopinga hukumu yako. Hilo la kupinga watu wengi huliruka wakidhani linadhoofisha hoja. Kinyume chake, msomaji akiona umeliona mwenyewe, hana sababu ya kukurushia.

Kagua vivumishi. Kila penye "kali", "bomba", "tamu" au "ya hovyo", jiulize kwa sababu gani, kisha andika jibu na ufute kivumishi. "Ngoma kali" inageuka "ngoma zinaingia sekunde ya 50, baada ya ubeti mzima wa gitaa peke yake, na zinakuja zote kwa pamoja." Ni ndefu zaidi, lakini mtu anaweza kwenda kuisikiliza na kukubishia.

Mashairi ya wimbo nukuu mstari mmoja au miwili, usimwage wimbo mzima. Kuhusu uhondo wa hadithi, usivuke robo ya kwanza ya filamu bila onyo, na onyo liwe mwanzoni mwa aya, si katikati yake. Kuandika "kuna jambo la kushangaza mwishoni" nako ni kuharibu; mtazamaji atakaa saa mbili akiliwinda.

Nyota ukipenda kutoa, weka maana ya kila moja kabla ya kuzigawa. Kwa mizani ya tano: moja, sikuona sababu ya kazi hiyo kuwepo; mbili, ina sehemu za kuokoa; tatu, sijutii muda wangu; nne, nitaitafuta tena; tano, nitamlazimisha mtu mwingine. Usitumie nusu. Nusu ni njia ya kukwepa kuamua.

Kama kazi uliiacha njiani, iseme, na utaje uliachia wapi na kwa nini: "Niliacha dakika ya 35, wahusika wakubwa walipokuwa bado hawajakutana." Hayo ni maoni kamili na yana manufaa kwa msomaji, ila nyota usiipe.