Mahali pa Kusimama Unaporusha Tiara Mama Ngina
Wanaowapeleka watoto kurusha tiara katika bustani ya Mama Ngina, iliyo ufukweni mjini Mombasa, hasa kati ya Mei na Septemba ambapo upepo wa kusi huvuma kutoka baharini, wasiwapange karibu na mibuyu kwa kutafuta kivuli. Upepo ukiupita mti mkubwa huvurugika na kuzunguka nyuma yake, na tiara ikiingia humo huanguka hata kama imeundwa kwa ustadi. Ni afadhali kusimama penye uwazi, bahari ikiwa mgongoni, baada ya kuhakikisha kwamba upande wa bara, ambako tiara itaelekea, hauna nyaya za umeme. Ikinasa kwenye waya, iachwe huko huko, wala asiruhusiwe mtoto yeyote kuivuta. Tiara inayoyumba kulia na kushoto huhitaji kurefushwa mkia, si uzi: fungeni vipande vya kitambaa chepesi mpaka mkia ufikie takriban mara tano au sita ya urefu wa tiara yenyewe. Kiunzi cha chelewa za mnazi, ambazo ni nyepesi na hupindika bila kuvunjika, kinaitosha kabisa tiara ndogo ya karatasi.