Jinsi ya kumwelekeza mgonjwa anayeruhusiwa ili akifika nyumbani asikwame

Manesi wenzangu, hili swali la "umeelewa?" tuliache jamani. Mgonjwa hata kama hajaelewa kitu atakuitikia ndiyo, maana ameshafunga vitu vyake anawaza nyumbani tu, wengine wanaona aibu kuuliza mbele ya watu, na wapo wanaohisi kumuuliza nesi mara ya pili ni kumsumbua. Mwambie hivi: "Mama, nataka nijue kama nimekueleza vizuri, hebu niambie hizi dawa utazinywaje?" Akikosea rudia sehemu ile iliyomponyoka tu, halafu muulize tena.

Ila kwanza jua unaongea na nani. Kama ni mtoto au mzee, aliyekuja kumchukua sio lazima ndo atakayempa dawa, kwa hiyo uliza wazi nani atakuwa anampa, na kama yuko nje aitwe. Na msiongelee koridoni, mambo ya mtu hayatangazwi.

Usimjaze mambo kumi. Dawa, dalili za kumrudisha haraka na siku ya kliniki, basi.

Dawa ndo zinakula muda. Ile 1x3 kwenye bahasha (kimoja mara tatu kwa siku, yaani kila masaa 8) sisi tunaielewa, yeye anaweza kumeza asubuhi, mchana na jioni, kisha usiku mzima hamna kitu. Kama ni antibaiotiki ya mara tatu pangeni kabisa kwa saa: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Chora jua na mwezi kwenye bahasha, na uchore kwa kila mtu, usianze kuuliza nani anajua kusoma. Dawa ya maji isipimwe na kijiko cha jikoni, vile havilingani, mpe sirinji isiyo na sindano au kikombe chenye alama, muonyeshe mililita 5 inaishia wapi halafu mpe yeye avute maji ukiwa unamuangalia (hapa ndo utashangaa).

Mtoto aliyekuwa anaharisha, sisitiza ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) pakiti nzima kwa maji safi kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti, nyingi ni za lita 1, asigawe nusu nusu kwa macho, na ikifika masaa 24 iliyobaki inamwagwa. Zinki aendelee nayo siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma siku ya pili, hapa wengi wanaishia njiani. Mwenye presha naye aambiwe wazi kwamba presha mara nyingi haiumi, asisubiri kichwa kigonge ndo akumbuke vidonge.

Dalili za hatari zitaje kwa maneno ya nyumbani. Kwa mtoto mdogo: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au haamki vizuri. Yoyote kati ya hizo arudi hapohapo hata usiku, asingoje tarehe ya kliniki. Tarehe yenyewe itaje na siku ya wiki, maana namba peke yake inasahaulika.

Akishindwa kurudia mara ya pili usimfokee wala usipandishe sauti, sio kiziwi. Punguza maneno, muonyeshe kwa mikono, na kama bado, mwite ndugu yake msikilizane wote watatu kabla hajatoka wodini.