Kaburi la chokaa litengenezwe kwa chokaa

Makaburi ya kale ya ukoo katika pwani yetu, kama yale ya nguzo ya Kaole na Kunduchi, yamejengwa kwa matumbawe na chokaa. Ufa ukitokea, ndugu huchanga fedha, wakanunua saruji. Nia ni njema, lakini saruji ndiyo inayolimaliza kaburi. Matumbawe hunywa maji kisha huyatoa. Saruji huyazuia, chumvi ikabaki ndani, jiwe likawa unga nyuma ya lipu. Lipu ikibanduka, huondoka na uso wa jiwe pamoja na maandishi.

Kama kaburi ni la kabla ya 1863, kwa Tanzania Bara linalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Pata kibali kwanza.

Kisha andika kabla ya kugusa. Chora ramani, lipe namba kila kaburi, piga picha pande zote ukiweka rula kando. Maandishi yaliyofifia yasome asubuhi mapema au jua likikaribia kuzama, mwanga ukipita ubavuni. Mchana, mtu ashike kioo aelekeze mwanga kutoka pembeni. Usipake chaki wala unga. Nakili tarehe kama ilivyochongwa, ndipo uigeuze: kaburi la Gedi, Kenya, la mwaka 802 Hijria ni la 1399. Ukikuta shimo la mviringo lilimokuwa bakuli la Kichina la pambo, usilizibe. Hiyo alama ni sehemu ya historia ya kaburi.

Mti ulioota ukutani usiung'oe; mizizi hutoka na mawe. Ukate chini, uurudie kila unapochipua. Kuvu na vumbi vitoe kwa maji safi na brashi laini, kamwe si ya waya.

Mchanganyiko: ndoo 1 ya chokaa iliyozimwa kwa maji na kulowekwa wiki kadhaa, kwa ndoo 3 za mchanga wa mto uliochekechwa. Mchanga wa ufukweni una chumvi, uache. Kwangua chokaa iliyolegea kati ya mawe, lowesha mawe mpaka yaache kunywa kwa pupa, kisha shindilia tabaka zisizozidi milimita 10. Jiwe kavu hunyonya maji ya chokaa, nayo hubaki vumbi. Funika kwa gunia bichi kwa wiki nzima, ukilimwagia asubuhi na jioni. Usianze masika: mvua huosha chokaa kabla haijashika.