Miguu ya Mbele ya Haisi Kuukuu: Ya Kuandaa Kabla ya Kulegeza Nati

Haisi ikishazeeka, miguu ya mbele, yaani mikono na viungo vinavyoshika magurudumu, huanza kusema yenyewe. Ukipita barabara ya vumbi ya kwenda Hombolo au Mvumi unasikia "kong" chini ya sakafu, usukani unatetemeka mkononi, na ukirudi kwenye lami gari linataka kufuata njia yake. Wengi wakifikia hapo hukimbilia dukani, wananunua bolijointi (viungo vya mviringo vinavyounganisha mikono ya mguu na habu ya gurudumu) na tairodi (vyuma vya usukani vinavyogeuza magurudumu) za pande zote mbili, halafu ndiyo wanamtafuta fundi. Mimi naona utaratibu huo umepinduliwa. Kwa fundi anayeijua kazi, kubadilisha kwenyewe si jambo refu. Kinachofanya gari likae juu ya mawe wiki nzima ni maandalizi yaliyorukwa.

Kwanza ujue ni kiungo gani kimeisha. "Linagonga mbele" si jibu, maana bushi (roba za kwenye maungio), stabilaiza linki (vyuma vifupi vya ba inayozuia gari kulala upande), shokapu na bolijointi zote hugonga, na masikio peke yake hayatoshi kuzitofautisha. Inua upande mmoja, weka stendi, shika tairi juu na chini, sukuma na kuvuta. Likicheza, mwombe mwenzako akanyage breki, kisha urudie. Mchezo ukipotea, mbaya wako ni beringi; ukibaki, mulika bolijointi. Halafu shika tairi kushoto na kulia, hapo unapima tairodi na reki endi, kile kiungo cha ndani kinachoishika tairodi kwenye reki ya usukani.

Tairodi ina kipimo kizuri zaidi ambacho hakihitaji hata jeki. Gari likiwa chini, mtu mmoja atikise usukani kidogo kidogo, wewe uwe umelaza vidole kwenye kiungo, kimoja upande wa tairodi na kingine upande wa mkono wa habu. Kiungo kizima hutembea chote kwa pamoja. Kilichokufa utasikia upande mmoja unatangulia, mwingine unafuata kwa kuchelewa.

Mahali pa kuweka jeki pana maana yake. Noah, kwa mfano, mbele ina shokapu iliyoungana na springi, na bolijointi yake ya chini haibebi uzito wa gari. Inua kwenye chesisi, mguu uning'inie, ndipo ucheki. Haisi badala ya springi ina tosheni ba, fimbo ya chuma inayobeba uzito kwa kusokotwa, na kiungo kilichobanwa na uzito kinaweza kujifanya kizima wakati kimeshakwisha. Muulize fundi jeki ikae wapi ili mzigo uondoke kwenye kiungo chenyewe. Asiyeweza kukueleza sababu, hajakipima.

Atakwambia, "Bosi, tubadilishe zote tu tumalize." Mjibu, "Sawa fundi, nionyeshe kwanza." Bolijointi za kushoto na kulia zilizoanza kazi pamoja sipingi zitoke pamoja. Bushi isiyo na ufa wala mchezo iache. Ila roba ya kuzuia vumbi ikishapasuka, mimi kiungo hicho nakihesabu kimekwenda hata kama bado hakichezi. Chukua grisi kidogo pale palipopasuka, isugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikikwaruza, mchanga wa Dodoma umeshaingia ndani, na kuongeza grisi juu yake ni kuusagia tu.

Sasa spea. Haisi si gari moja. LH113, RZH112, TRH200 na KDH200 zote watu wanaziita Haisi, lakini usitegemee spea zake zitaingiliana, na inayovuta kwa magurudumu manne ina mambo yake tena. Piga picha bati la chesisi, beba na kadi ya gari, na kama unaweza kusubiri, nenda na kipande cha zamani mkononi ulinganishe unene wa pini na urefu wake. Kisichopatikana mjini Dodoma kitaagizwa Kariakoo kije kwa basi, na kikija sicho, ni safari nyingine ya Dar es Salaam kwenda na kurudi. Hapo ndipo wiki inapoishia.

Sanduku zuri lenye maandishi ya Kijapani si ushahidi wa kitu. Itoe bolijointi kwenye sanduku, ishike pini, izungushe. Inatakiwa iwe nzito lakini laini mzunguko mzima. Inayozunguka bure, au inayokwama hapa na kuachia pale, irudishe kabla hujalipa. Bolijointi au tairodi za mtumba sizishauri hata kwa bei ya bure. Mkono wa chini wa mguu, ukiwa wa mtumba, ni habari nyingine, mradi haujapinda na bushi zake utaweka mpya. Uliza pia kama bolijointi ya gari lako inafungwa kwa bolti au inashindiliwa kwa presi, kwani si kila gereji ina presi, na kushindilia kwa nyundo ni kuiua kabla haijaanza kazi.

Vitu vidogo ndivyo vinavyosimamisha kazi Jumamosi jioni, maduka yakiwa yanafungwa: kota pini mpya (vipini vya kuzuia nati isilegee), nati mpya, washa za kufungia reki endi, buti za reki (roba za kuifunika) na klipu zake. Nunua vyote siku moja na spea kubwa.

Eneo nalo. Gereji nyingi za kwetu ziko juu ya udongo wa kichanga, na jeki inazama taratibu wakati mtu yuko chini ya gari. Andaa kipande cha ubao mnene chini ya jeki na chini ya kila stendi. Tofali halifai, hupasuka bila kuaga. Kazi ianze asubuhi, kabla upepo haujaanza kubeba vumbi na kulimwaga kwenye viungo vilivyo wazi. Kama unachagua mwezi, maliza kabla ya mvua za Desemba. Nati zenye kutu zimwagiwe mafuta ya kulegeza kutu usiku wa kuamkia kazi.

Kwenye tosheni ba usiwe na haraka kabisa. Ba hiyo imejaa nguvu iliyosokotwa, na ikiachiwa vibaya inaweza kumvunja mtu mkono. Kabla ya kulegezwa, ba na kishikio chake vipakwe alama ya rangi, urefu wa bolti ya kurekebishia uliojitokeza upimwe na kuandikwa, na ya kushoto isichanganywe na ya kulia. Bila vipimo hivyo gari litarudi chini likiwa limeinama upande mmoja, na mtakaa mkilipandisha na kulishusha hadi giza liingie.

Mambo mengine malizaneni kwa mdomo kabla spana haijashikwa. Pini ya bolijointi na tundu lake vifutwe vikauke, grisi haitakiwi hapo. Tundu la kota pini lisipolingana na nati, nati iongezwe kidogo, isirudishwe nyuma. Tairodi ya zamani ipimwe imeingia kiasi gani kabla ya kutolewa, mpya iingie kiasi hichohicho. Bolti za bushi zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Zikikazwa mguu ukiwa unaning'inia, roba inakaa imejisokota muda wote na itachanika mapema. Hili la mwisho mafundi wengi hulipuuza, kwa hiyo lisimamie mwenyewe.

Alaimenti, yaani kupima na kunyoosha magurudumu kwa mashine, panga siku ileile. Piga simu kwanza uulize kama mashine inafanya kazi na umeme upo, kwani vipimo vya tairodi vilivyorudishwa kwa makadirio ni vya kukufikisha pale tu, si vya kwenda Iringa. Jaza upepo sawasawa kabla ya kufika, na kama Haisi yako kila siku hubeba magunia au abiria, mwambie anayepima. Tairi zilizolika upande mmoja zihamishie nyuma mapema, la sivyo gari litaendelea kuvuta, na lawama utampa fundi asiyehusika.